Fremu Moja, Kampuni Mbili za Simu

Wanaopita leo mbele ya duka langu hapa Kibiti hawajui kwamba zamani fremu hii ilikuwa na milango miwili na rangi mbili, na ndani yake ndugu wawili wa tumbo moja wasiosalimiana. Mimi nilikuwa upande wa kushoto. Sioni haya kuyasimulia. Nilishinda bwana, na aliyeshinda ana haki ya kusimulia mpaka watu wachoke.

Fremu ilikuwa ya baba. Aliuza chumvi, mafuta ya taa, kanga na sabuni za mche, na katika miaka ile ya foleni, sabuni ikiwa adimu, mlango wake haukufungwa. Kisha ikaja soko huria. Kila mwenye vidole akafungua duka, vitu vya nje vikamwagika barabarani, na bidhaa za baba zikakaa kwenye rafu mpaka zikashika vumbi. Akafa fremu ikiwa imebaki jina tu. Warithi tulikuwa watatu: mama, kaka yangu mkubwa na mimi. Sheria ya mirathi tunaijua, kaka ana mafungu mawili na mimi langu moja, na mama lake. Lakini fremu haigawiki kama mnofu wa ng'ombe. Ikabaki imefungwa, tunaitazama.

Ndipo minara ya simu ilipoanza kuota. Ulisimama mmoja pale Kibiti, mwingine ukasimama ng'ambo kule Ndundu, karibu na daraja lililokuwa bado linanukia upya. Na nyuma ya minara wakaja watu wa kampuni, mashati yamepigwa pasi, wanatafuta mawakala. Walikuwa wa kampuni mbili, na kila moja ilikuwa na mfumo wake. Wenyewe waliitaja mifumo hiyo kwa herufi za Kizungu zilizofuatana kama namba za magari. Sisi tulisema simu ya laini na simu ya boksi, na tulielewana.

Simu ya laini ndiyo hii ambayo leo kila mtu anayo. Namba inakaa kwenye kadi ndogo, ukitaka unaichomoa unaitia kwenye simu nyingine, na inakamata mnara wowote wa kampuni yake. Simu ya boksi ilikuwa ya mezani, kubwa, ina antena mgongoni, haina waya wa kwenda kwenye nguzo. Sauti yake safi, mtu wa Dar unamsikia mpaka anavyopumua, na bei ya kuongea kwake ilikuwa rahisi kuliko ya laini. Ila namba ilifungiwa ndani ya boksi lenyewe, na boksi likafungwa kwa mnara mmoja. La Kibiti ni la Kibiti. Ukilitoa nje ya hapo linanyamaza kimya, hata ulipigie dua.

Kila kampuni ilitaka wakala aweke dhamana, apake duka rangi yake, na asiuze cha mwenzake. Huwezi kuswali nyuma ya maimamu wawili.

Kaka alikuwa amerudi kutoka Dar, amefanya biashara Kariakoo miaka mingi, anazungumza huku anazungusha funguo kidoleni. Yeye alitaka boksi. "Mdogo wangu," akaniambia, "watu wakipata pesa wanataka kitu cha kuonekana. Kadi ndogo kama ukucha atamwonyesha nani sebuleni?" Mimi nikataka laini, na nikashika hapo hapo.

Aliniuliza kwa nini. Sikuwa na elimu ya mitambo. Nilikuwa nimeachika mwaka uliotangulia, na katika ndoa ile nilihamishwa nyumba tatu, kila mara naambiwa funga mizigo. Mtu akinitafuta anaambiwa kahama. Nilipoiona ile kadi nikasema hiki ndicho kitu changu, nikihamishwa nahama nacho. Kwa kaka hilo lilikuwa jibu la kitoto. Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikapandwa na hasira zangu, ambazo hazijapata kuwa ndogo.

Tukagombana wiki nzima. Sauti zetu zilifika mpaka stendi. Mwisho mama, aliyekuwa anachambua mchele, akasema: "Basi. Pigeni ubao katikati. Kila mtu na upande wake, kila mtu na kampuni yake. Watu wakirudi kutoka bondeni mpunga umeshavunwa, tutatazama. Mwenye wateja achukue fremu nzima, na asiye nao ampishe mwenzake, akatafute pa kwenda. Mimi fungu langu nampa atakayebaki."

Nikauliza kama hiyo si kamari. Mama akasema si kamari, ni sulhu. Tukapeana mikono mbele yake. Kaka akauza minazi yake kupata mtaji. Mimi nikapeleka bangili zangu zote kwa sonara, na zilipotoka mkononi nilijihisi nimevuliwa nguo. Nikishindwa, sina fremu, sina dhahabu, sina mume. Nitakuwa mgeni kwenye nyumba ya mama mpaka nizeeke.

Ubao ukapigiliwa. Upande wake ukapakwa rangi yao, wangu yetu.

Msimu wa korosho ukaja, na sitaki kudanganya, kaka alinichapa. Watu wa vilima vya Kibiti wakauza korosho, wakaja na pesa mbichi, na kila mwenye sebule akataka boksi. Walilibeba kichwani kama wanabeba mahari. Wakaliweka juu ya meza, wakalifunika kitambaa cha kufuma, wakaalika majirani kuja kulisikia likilia. Mlangoni kwa kaka palikuwa na foleni. Mama naye akahamisha kiti chake akakaa upande ule, eti kuna upepo.

Upande wangu walikuja madereva wawili watatu na walimu. Simu zenyewe za mkononi zilikuwa ghali, na wengi hawakuwa nazo. Kaka alikuwa akizungumza na wateja wake kwa sauti ya kunifikia: "Huyo jirani anauza funguo kwa watu wasio na milango." Watu wanacheka. Mimi nasaga meno, nafuta vumbi kwenye kioo cha kabati langu tupu.

Siku moja akaingia mwanamke mmoja, mtu mzima, ndoo ya kamba wakavu kichwani. Kwao Mbwera, kule kwenye delta, ameolewa huku juu, na mashamba yao ya mpunga yako bondeni, chini ya Ndundu, mto unapoanza kujigawa kuelekea baharini. Akatua ndoo. Akaniuliza:

"Mwanangu, laini peke yake mnauza? Bila simu?"

Nikamwambia tunauza, lakini utaitia wapi?

"Nitaitia kwenye simu ya mtu. Nikishamaliza naichomoa naondoka nayo. Si ndivyo ilivyo?"

Wallahi sikuwa nimewaza hivyo. Nikaitia laini yake kwenye simu yangu, tukampigia mwanawe aliyekuwa kibarua bandarini Dar. Kijana akaona namba ngeni, akauliza kwa ukali, nani? Yule mama akajivuta, akapanga kanga begani, akasema: "Mama yako. Na hii ni namba yangu." Alilitamka lile "yangu" taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Akachomoa kadi, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na karafuu zake, akajitwika ndoo, akaenda zake.

Baada ya siku chache wakaja wenzake watatu. Kisha kumi. Kumbe nilikuwa na wateja ambao hakuna kampuni iliyowahesabu: wake wenza wawili wanaochangia simu ya mume lakini kila mmoja anataka namba yake, wajane, wavuvi wanaoazima simu ya mwenye mashine ya kusaga. Wote hawana simu, wote wanataka laini. Nikauza, nikauza. Kaka akaacha kucheka kidogo, kisha akapata kijembe kipya: "Laini za kwenye kanga! Zitafuliwa na sabuni!"

Akanipata mahali pabaya, maana mtu wa kampuni yangu alipokuja alikunja uso. Akasema laini zangu nyingi zimelala. Laini isiyotumika miezi kadhaa inafungwa, na wakala ambaye laini zake zinakufa ananyang'anywa uwakala. "Mama, umewauzia watu gani hawa?" akaniuliza. Nikamwambia wanaotaka. Akaondoka anatikisa kichwa.

Hapo hapo mvua zikaanza.

Asiyejua kwetu hawezi kuelewa mvua zinafanya nini. Mpunga ukishaota, Kibiti na vijiji vyake vinahamia bondeni. Kila familia inajenga dungu lake, kibanda juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, unapanda kwa ngazi, unalala huko, unapika huko, maji yakipanda yanapita chini yako. Unakaa miezi. Na mpunga ukianza kutia maziwa ndiyo usiseme, maana ndege wanakuja kwa maelfu kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Mlinzi wa ndege haondoki dunguni hata akiambiwa nyumba yake mjini inaungua. Akitoka kwenda haja anamwachia mtu kombeo.

Basi Kibiti ikahama. Na maboksi ya kaka yakabaki juu ya meza zilizofungiwa ndani, yamefunikwa vitambaa, yanalia peke yake. Kaka yangu alizaliwa juu ya dungu! Mama alimzaa bondeni mvua inanyesha, kila mtu analijua hilo. Lakini Kariakoo ilimsahaulisha. Aliuza simu ya kukaa nyumbani kwa watu ambao nusu ya mwaka hawako nyumbani, na mimi wala sikuwa nimemtangulia kuliwaza. Ubao wetu ulitenganisha vyumba viwili vitupu.

Kaka akasema tungoje. Nikamwambia wewe ngoja, mimi ngoja ngoja itaniumiza tumbo. Laini zangu zilikuwa bondeni, kwenye mapindo ya kanga, zinakufa moja moja. Wenye laini hawawezi kuwaachia ndege mpunga waje Kibiti. Basi simu iende kwao. Nikachukua simu mbili, nikazifunga kwenye nailoni mara mbili, nikaazima betri ya gari kwa fundi wa stendi, nikapanda gari mpaka Ndundu. Pale nikakodi mtumbwi na mwenyewe, mzee mmoja mchache wa maneno. Aliitazama ile betri, akauliza kama naenda kuchomelea viboko.

Njia nzima nilikuwa naitazama simu. Vijiti vya mnara wa Kibiti vilifutika barabarani, na chini kwenye maji, kingo zikituzidi kimo, hata vya Ndundu vikapungua, vikafutika. Nikasema Mola wangu, nimekwisha. Tukaingia kwenye mkondo mwembamba, mpunga kulia na kushoto, na mbele nikaliona dungu la yule mama wa Mbwera. Alikuwa amesimama juu, kombeo mkononi, anarusha madonge ya udongo na kupiga makelele ya kufukuza ndege. Nikapanda ngazi. Juu kabisa nikaitoa simu. Kijiti kimoja. Viwili. Ilikuwa imekamata mnara wa ng'ambo, wa Ndundu. Laini haikujali mnara gani, mradi ni wa kampuni yake.

"Mama!" nikamwambia. "Una laini yako?"

"Nitaiacha wapi?" akajibu, akafungua pindo.

Tulipoitia tu, simu ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe. Mwanawe alikuwa amemtafuta siku nyingi. Tukapiga. Yule mama akaishika simu kwa mkono wa kushoto, kombeo mkono wa kulia, na mazungumzo yakawa hivi: "Hujambo mwanangu... ngoja, ndege hao! Shaaa! Shaaa!... haya sema... mkeo kafanyaje?"

Mkono wa kombeo ukashuka.

"Kajifungua," akaniambia. "Wa kike. Jina wamempa langu."

Akageuka kwenye bonde, akakusanya mikono mdomoni, akapiga ukelele ambao sijausikia tena: "Nimepata mjukuu! Jamani, nimepata mjukuu!" Dungu la jirani likajibu kwa vigelegele. La pili likapokea, likafuata la tatu, mpaka bonde zima likawa linalia vigelegele, watu tusiowaona wanamfurahia mtoto aliyezaliwa Dar. Nikamwonyesha ndege wametua kwenye mpunga wake, wanakula kwa nafasi. "Waache," akasema, machozi yanamtoka. "Leo ni sadaka."

Mimi nililia pia. Nililia kwa furaha na kwa kiburi, sichagui.

Hatukumaliza dakika nyingi. Kutoka kila dungu watu wakaanza kupunga kanga wakituita. Nani kampa simu? Inafika? Njoo na huku! Yule mzee wa mtumbwi, ambaye hakuwa na maneno, akawa anapiga kasia na kutangaza: "Laini! Wenye laini tayarisheni laini!" Wakafungua mapindo, mikebe ya ugoro, mmoja aliitoa kwenye kofia yake ya kuswalia. Laini yako, simu yangu, ongea, chomoa, anayefuata. Waliokuwa hawana laini walinunua pale pale, juu ya ngazi. Kwenye dungu moja nikalikuta boksi la kaka. Mwenye dungu alilibeba kichwani mpaka bondeni akidhani litasema. Halikusema. Alikuwa amelikalia, anapukuchua mahindi.

"Kiti kizuri," nikamwambia.

"Bora kingekuwa na mgongo," akajibu.

Msimu wote nilifanya hivyo. Kila wiki nilishuka, na watu wakazijua siku zangu kama wanavyozijua siku za gulio. Betri nikaongeza, simu nikaongeza, mpaka watu wa Maparoni, mbali huko kwenye delta, wakanitumia salamu, mbona kwetu huji, nikawajibu mnara ukifika nitafika. Mtu wa kampuni akarudi. Safari hii hakukunja uso. Akaniuliza zile laini zilizolala nimeziamshaje. Nikamwambia panda mtumbwi ukaone. Hakupanda, aliogopa viboko, lakini akaniletea mzigo wa laini mkubwa kuliko wa wakala yeyote wa barabara ile.

Mpunga ukavunwa. Watu wakapanda kutoka bondeni, magunia mabegani, na siku ya kwanza kabla hata ya kutua mizigo nyumbani, walijaa mlangoni kwangu. Sasa wana pesa ya mpunga, wanataka na simu ya kutia laini zao. Foleni ilipita mbele ya mlango wa kaka ikaenda mpaka kwa muuza maandazi. Kwake waliingia watu wawili, na wote wawili walikuja kurudisha boksi.

Jioni mama akatuita. Nilijua anataka kutoa hukumu, nikavaa nguo yangu nzuri. Akaanza kuzunguka kwa maneno. Kaka yako ana watoto. Kaka yako kauza minazi yake. Kaka yako ni mwanamume, aibu ya mwanamume ni nzito. Mwachie upande wake, mwanangu, mkae kama mlivyo.

Nikamuuliza: "Mama, kama angeshinda yeye, ungemwomba aniachie mimi upande?"

Mama akatazama chini. Kisha akasema kweli, na namshukuru kwa hilo: "Nilijua utashindwa wewe. Nilisema ukishashindwa utatulia, utaolewa tena, utapumzika."

Iliniuma. Ilinichoma mpaka kwenye mfupa. Kumbe sulhu yote ile ilikuwa njia ya kunitoa pole pole, na mimi niliuza bangili zangu nikidhani tunashindana. Nilitaka kusema neno ambalo lisingefutika. Aliyenizuia ni kaka.

"Mama, mwache," alisema. "Tulipeana mikono. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Akautoa ufunguo wa mlango wake kwenye zile funguo alizokuwa akizizungusha kidoleni, akauweka kwenye kiganja changu, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. "Mdogo wangu, umenipiga. Mimi nilizaliwa kule, na nilisahau." Akaenda zake bila kuinamisha kichwa. Baadaye alirudi Kariakoo na huko alifanikiwa sana, na boksi lile kampuni yake ililifunga yenyewe baada ya muda, maana dunia nzima ilikuwa imekwenda na laini. Lakini usiku ule mimi sikujua dunia inakwenda wapi. Nilijua tu kwamba nimeshinda, na nilifurahi, nilifurahi mpaka sikupata usingizi.

Asubuhi nilifungua mlango wangu, nikazunguka nikafungua na wa pili. Nikafagia pande zote. Mama akaja na kiti chake, kama kawaida yake. Miaka yote, tangu baba yu hai, mama alikuwa akiingia dukani mle bila kusema neno, anaweka kiti anapopenda na kumtuma anayemkuta. Siku ile alifika kizingitini akasimama. Kiti mkononi. Akanitazama, nami nikamtazama, sikumsaidia.

"Hodi," alisema mama yangu.

Nikauegemeza ufagio ukutani. "Karibu, mama. Karibu kwangu."

Akavua viatu, akaingia.